Kadi ya Mabonde Manne

Jumatano, 10 Januari

Mama amelipia kadi ya Ivano. Ndiyo, ya Ivano! Ya lifti za mlimani, ya kuteleza na ski msimu mzima, mabonde yote manne, kama kila mwaka. Nimeikuta kwenye droo ya jikoni nikitafuta kiberiti. Mpya kabisa, ila picha ni ile ile ya zamani — ndevu za wiki moja, jicho moja limefinywa kwa sababu ya jua.

Nikamuuliza, Mama, hii ni nini? Akaendelea kumenya viazi. Akasema Ivano akirudi akute hana kadi atanuna, na foleni za Februari nazijua mwenyewe.

Akirudi.

Mwezi wa kumi na moja huu. Mdogo wangu alipanda Sassocupo Jumapili asubuhi, tarehe kumi na mbili Februari, na hakushuka. Walimtafuta siku kumi na moja, kwa mbwa na kwa fito ndefu za kuchomeka ndani ya theluji. Kiangazi wakarudia, mawe yakiwa wazi. Hata glavu hawakuiona. Hakuna kaburi, hakuna cheti. Kwa hiyo kwa Mama hakuna kifo. Kuna mtu aliyechelewa.

Sikubishana. Nimeirudisha kadi mahali pake. Kiberiti sikukipata.

Jumapili, 14 Januari

Haraka haraka, saa ya chakula, mikono inanuka nta. Dukani ni vurugu tangu asubuhi — wageni kutoka Milano, kila mmoja anataka kingo za ski zake zinolewe yeye kwanza. Saa tatu na robo simu ikalia mfukoni.

“Habari za asubuhi, Ivano! Siku yako ya kwanza msimu huu: Pratofreddo, lifti ya kwanza, saa tatu na dakika kumi na mbili.”

Nilisoma mara tatu. Fulvia, mwenye duka, akaniuliza kama nimepata habari mbaya. Nikasema hapana. Nikaendelea kunoa, nikajikata kidole.

(Ujumbe wake huja kwangu kwa sababu tulijiandikisha pamoja kwa simu yangu. Yake ilikuwa inapotea kila mwezi.)

Mchana nikakimbia nyumbani. Droo — kadi ipo. Mama amekaa karibu na jiko la kuni, viatu vyake vimewekwa kukauka. Nikamuuliza kama kuna mtu ameingia humu ndani. Akasema nani aje, watu wote wako mlimani.

Jumanne, 16 Januari

Siku yangu ya mapumziko, nimeimalizia kwenye simu. Msichana wa ofisi ya kadi ana sauti tamu kama ya matangazo. Kadi namba fulani imepita geti la Pratofreddo Jumapili, mara moja tu. Nikamwambia mwenye kadi hayupo. Akasema basi kuna mtu anayo. Nikamwambia kadi iko nyumbani. Akasema: “Dada, geti halioti ndoto. Kadi imepita.”

Nimempigia Mjomba Delio, kaka yake Mama. Alikuwa mwokoaji miaka ishirini na tisa na ndiye aliyeongoza ile timu ya kumtafuta Ivano. Akasema ni wizi, kuna watu wananakili kadi siku hizi, niizime, na Mama asiambiwe. “Mama yako umpe habari kama hiyo? Ataoka keki.”

Sijaizima. Sijui kwa nini. Nimesema nitaizima kesho.

Jumamosi, 20 Januari

Alhamisi: Le Tane, lifti ya kwanza. Leo: Campolarice, lifti ya kwanza. Kila mara mara moja tu. Anapanda, basi. Lakini hilo halina maana — geti linahesabu wanaopanda. Wanaoshuka hakuna anayewahesabu. Ndiyo maana siku ile hakuna aliyejua mpaka taa za maegesho zilipowaka na gari lake likabaki peke yake.

Pratofreddo, Le Tane, Campolarice. Nimekaa na hayo majina matatu toka asubuhi. Ndio mpangilio wetu. Wetu! Mwaka jana tulijipa kazi ya kuyamaliza mabonde yote manne kabla ya Kwaresma, kwa kadi moja, kama tulivyofanya tukiwa wadogo na Baba. Pratofreddo kwenye watoto wengi, Le Tane kwa wenye magoti mabovu, Campolarice kwenye jua, na Sassocupo kwa — kwa watu kama Ivano. Tulikwenda mawili ya kwanza. La tatu ndilo lililotugombanisha.

Sijawahi kuandika hili. Niandike sasa.

Jumapili ile saa moja asubuhi tulikuwa jikoni, tumeshavaa. Ratiba ilisema Campolarice. Ivano akataka turuke moja kwa moja Sassocupo kwa sababu usiku theluji mpya imeanguka. Nikasema hapana, kule ni kivuli na upepo hadi Machi, nimefanya kazi siku sita, nataka kukaa juu pale kwenye veranda na supu yangu. Akasema, nenda basi ukaanikwe kama nguo. Nikamwambia na wewe nenda ukavunje shingo yako.

Ndivyo nilivyosema. Kwa maneno hayo hayo.

Tukatoka kwa magari mawili. Penye njia panda ya kinu yeye akakunja kulia, mimi kushoto. Nilipiga honi. Sijui ilikuwa ya kumuaga au ya kumkera.

Waokoaji waliniuliza mara nyingi: kwa nini alikwenda peke yake? Nikawaambia mimi niliamka na mafua.

Jumanne, 23 Januari

Nimemkamata mwizi!

Saa mbili na nusu nilikuwa Pratofreddo, kwa kubahatisha tu, nimesimama nyuma ya kibanda cha tiketi, kofia hadi machoni. Shule ya watoto, wazazi wakifunga viatu vya watu wadogo wanaolia. Saa tatu na dakika tano basi la bonde likafika. Akashuka bibi mmoja mwenye koti la kanisani na mkoba. Akaenda moja kwa moja getini, akatoa kadi kwenye mkoba, akaigusisha. Mlio. Mzee wa getini akamshika kiwiko, akamwingiza kwenye kibehewa cha lifti, kile kinachoning'inia kwenye waya, kama anavyoingizwa malkia kwenye gari.

Mama.

Nikamfuata mbio, nikapitisha kadi yangu, nikajitosa kwenye kibehewa kile kile mlango ukifunga. Hakushtuka. Alisogea tu kunipisha, akaweka mkoba mapajani.

— Umechelewa kunigundua, akasema. Nilidhani ungenigundua wiki ya kwanza tu.

— Mama, unafanya nini?

— Namtembeza.

— Nani?

— Unajua nani. Kadi ikikaa kwenye droo si inakufa? Nimeona bora iwe inatoka. Tunapanda, tunatazama, tunashuka. Wale wanaume wa getini wananifahamu wote, wanajua mimi ni mama wa nani. Hawaniulizi picha.

Nilicheka hadi machozi, kisha yakawa machozi tu. Alinipa leso yenye harufu ya karafuu. Akasema anafuata ile karatasi ya ratiba niliyobandika mwaka jana kwenye friji. Nikamuuliza na Sassocupo? Akageuka dirishani. Akasema huko bado. Huko anaogopa.

Juu tulikunywa chokoleti ya moto. Akawaambia watu wa meza ya jirani kwamba mimi ndiye mkubwa, na mdogo “hayupo leo”.

Sijalala vizuri hivi tangu mwaka jana — naandika hili Jumatano asubuhi, kusema kweli.

Alhamisi, 25 Januari

Le Tane na Mama. Fulvia alinipa nusu siku. Polenta, ule ugali wa kwetu, na uyoga. Mama amemwambia mhudumu ina chumvi kidogo, mhudumu akamwambia hiyo ndiyo inayomfikisha mtu miaka tisini, Mama akasema basi leta chumvi.

Mjomba Delio nimemweleza. Akavuta pumzi ndefu. “Dada yangu yule! Na mimi nilishaanza kutafuta polisi.”

Mama anakohoa kidogo.

Jumapili, 28 Januari

Mama yuko kitandani tangu Ijumaa, homa, mapafu yanapiga filimbi. Daktari amekuja mara mbili. Kadi niliichukua jana nikaitia kwenye mfuko wa aproni yangu ya kazini ili asije akaamka akaondoka nayo.

Saa tatu kasoro dakika kumi. Nilikuwa napaka nta. Simu.

“Habari za asubuhi, Ivano! Leo: Sassocupo, lifti ya kwanza.”

Nikaingiza mkono mfukoni. Kadi ilikuwa pale, ya moto kwa joto la mwili wangu.

Jumanne, 30 Januari

Nimekwenda Sassocupo. Mara ya kwanza tangu walipofunga kazi ya kutafuta.

Hapabadiliki pale. Kivuli, mlima umeinama juu ya maegesho, redio inaimba peke yake kwenye mgahawa. Mtu wa getini ni mpya, anaitwa Gualtiero, ametoka bonde jingine kabisa, msimu wake wa kwanza hapa. Mnene, mchangamfu, sharubu zimeganda. Nikamuuliza kuhusu Jumapili saa tatu kasoro kumi. Nilidhani atanicheka.

— Wa kwanza kabisa yule, akasema. Hata theluji ya njia ya getini sijamaliza kuifagia, tayari amesimama. Koti la bluu.

Koti la Ivano lilikuwa la bluu. Na la nusu ya Italia ni la bluu.

Nikamwonyesha picha. Akaitazama, akakuna sharubu. Huenda ndiye, huenda siye, asubuhi watu wote ni miwani na kitambaa hadi puani, mnafanana kama kondoo. Alichokumbuka ni kitu kimoja. Jumapili anga lilikuwa wazi, hata punje haikuanguka. Lakini yule bwana mabega yalikuwa yamejaa theluji, na kofia pia. Gualtiero akamtania: vipi ndugu, kwenu inaanguka ndani ya gari?

— Akajibu nini?

— Hakujibu hilo. Nikamuuliza tena, leo uko peke yako? Hapo ndipo aliposema. “Dada ameenda kwenye jua.”

Nilishika mti wa kizuizi cha geti. Gualtiero akaniuliza kama nimepungukiwa sukari, akanitafutia peremende mfukoni.

Hakuna anayejua. Sijamwambia mtu. Mafua, nilisema. Niliwaambia wote mafua!

Sikupanda. Nilirudi kwenye gari nikakaa, mashine ya joto ikinguruma, hadi vioo vilipoisha ukungu ndipo nikaendesha.

Ijumaa, 2 Februari

Nimempa Mjomba Delio kadi. Nilimwambia aiweke kwake asiniambie wapi. Aliifungia kwenye kopo la chuma la misumari, gereji, akacheka kidogo kwa ajili yangu. Hiyo ilikuwa juzi.

Jana Alhamisi, saa tatu kasoro dakika kumi: Sassocupo, lifti ya kwanza. Saa nne na nusu: Sassocupo, lifti ya pili.

Nilimwandikia Mjomba kwamba kadi imepita tena; akanipigia kabla sijampigia. Niliisikia sauti yake nikajua ameshafungua kopo. “Ipo,” akasema. “Nimeitazama muda ule ule, Nives. Nimeishika. Ipo.”

Hakucheka tena. Akaniuliza saa. Nikamtajia. Akaniambia kitu ambacho mimi nilikijua lakini sikutaka kukisikia kutoka kwa mtu mwingine: tatu kasoro kumi, kisha nne na nusu — ndizo saa za Ivano za siku ile. Yeye mwenyewe ndiye aliyeziandika kwenye ripoti.

Na ya tatu ilikuwa sita kasoro dakika ishirini. Lifti ya juu, ile ya viti, hadi kwenye ukingo. Baada ya hapo hakuna geti lingine.

Akasema niizime leo leo. Nikasema nitafikiri. Akapandisha sauti, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwangu: “Unafikiri nini, binti? Hicho si kitu cha kukisubiri!”

Jumatatu, 5 Februari

Jana tena. Ya kwanza na ya pili. Nilisubiri sita kasoro ishirini nikiwa na ski ya mtu imebanwa kwenye jiriwa. Fulvia ananiongelesha, midomo yake inacheza, sisikii. Ikapita. Ya tatu haikuja. Bado.

Mama ameamka kitandani. Amekula supu ya shayiri, bakuli mbili. Anauliza kadi. Nimemdanganya iko ofisini, inarekebishwa. Naona nimekuwa hodari wa kudanganya.

Nimefikiri hivi, na nikiandika naona ni wazimu, lakini nani atasoma? Kuzima kadi ni rahisi, kitufe kimoja. Halafu yeye atafika getini asubuhi, geti halitafunguka. Atasimama pale. Nani atamwambia aende wapi?

Jumanne, 6 Februari

Sassocupo tena. Gualtiero alinikaribisha kama ndugu, akanipa kiti chake chenye ngozi ya kondoo. Nikamuuliza kama yule bwana anaongea siku hizi. Akasema si msemaji. Anaitikia kichwa, anapita. “Ila baridi anayokuja nayo! Kuna siku niliingiza mkono kumsaidia na fimbo zake, vidole vikafa ganzi hadi mchana.”

Nikamwomba anifikishie salamu. Nilijaribu kulisema kama jambo la kawaida, la watu waliopotezana namba.

— Akija tena, mwambie dada yake anamngoja Campolarice. Mwambie kwamba — mwambie Jumatatu. Tarehe kumi na mbili.

— Campolarice, Jumatatu. Basi?

— Na kwamba sikuwa na maana ile.

— Maana ipi?

— Atajua.

Gualtiero akaandika mgongoni mwa risiti ya mgahawa, na namba yangu chini, akaibandika kwenye kioo cha kibanda chake, chini ya ilani ya hatari ya theluji. Akanikonyeza. Anadhani ni mambo ya urithi, au mke. Kila familia na yake, akasema.

Alhamisi, 8 Februari

Tatu kasoro kumi. Hakuna ujumbe.

Saa nne hakuna. Saa sita hakuna.

Saa saba Gualtiero akapiga. Alikuja. Gualtiero akamsomea ile karatasi, neno kwa neno. Bwana akasimama. Akasimama muda mrefu, kadi mkononi, hadi walio nyuma wakaanza kupiga makelele, kuna Mjerumani mmoja akamsukuma kwa bega. “Halafu akageuka, Nives. Hakupanda. Akashuka kwa miguu kupitia maegesho. Nilimtazama hadi kwenye yale magari ya mwisho, halafu nikamhudumia huyo Mjerumani, nilipoinua macho hayupo.”

Kisha akaongeza:

“Na yule Mjerumani ameenda zahanati na bega lake. Wanasema ni baridi imeunguza ngozi.”

Jumapili, 11 Februari

Siku tatu kimya. Si ujumbe, si kitu.

Theluji tangu Ijumaa bila kupumua. Mji mzima umezibwa masikio. Hatari ya maporomoko ya theluji ni daraja la nne, Sassocupo wanafungua lifti ya chini peke yake, ikiwa upepo utaruhusu.

Padri alikuja baada ya Misa kuuliza kuhusu kesho, Misa ya mwaka. Mama akamwambia Misa ya mwaka ni ya wafu, asante, achukue biskuti. Alipotoka Mama akanigeukia. Amepona, macho yanawaka. Akasema kesho yuko tayari. Kesho Sassocupo. Mwaka mzima ameogopa, sasa basi. Anataka apande pale pale alipopanda, hata kama ni lifti ya chini tu, akae dirishani, amwite.

Nikasema Campolarice.

Akadhani hakusikia vizuri.

— Campolarice, Mama. Huko juu ya mawingu kesho kutakuwa na jua.

— Mwanangu alipotelea Sassocupo. Na wewe unaniletea habari za jua?

Mjomba Delio alikuwepo, kwenye kona, kofia mkononi. Alinitazama. Yeye anajua kuhusu ile risiti kwenye kioo, nilimwambia Alhamisi, akakaa chini kwenye ngazi za gereji. Nilitegemea atanipinga. Akasema polepole: “Ersilia, msikilize binti yako. Sassocupo kesho mlima umebeba mzigo. Mimi ndugu zangu siwachimbi tena.”

Mama akaenda kwenye sinki. Akaosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi.

Jumatatu, 12 Februari

Tumetoka saa mbili. Mama mbele karibu yangu, koti la kanisani, hakuna maongezi. Gari la kusukuma theluji lilikuwa limeshapita, kuta nyeupe huku na huku. Kadi iko kwa Mjomba, kwenye kopo, na Mjomba ameniapia atakaa nayo mezani asubuhi nzima bila kuinuka.

Penye njia panda ya kinu nilipunguza mwendo. Mama akaweka mkono kwenye usukani. Hakuvuta. Aliuweka tu.

— Kulia, Nives. Nakuomba.

Nikakunja kushoto.

Akarudisha mkono mapajani. Baada ya kona mbili akasema: “Siku ile hukuwa na mafua.”

Nikasema hapana, Mama. Sikuwa na mafua.

“Nilikuwa chumbani. Niliwasikia wote wawili.” Kisha: “Nilingoja uniambie.”

Niliendesha nikilia bila sauti, na yeye akawa ananifutia kioo kwa leso, upande wangu, kama vile ukungu ndio uliokuwa tatizo.

Nimemkatia tiketi ya watembea kwa miguu. Mimi nikatumia kadi yangu. Dakika kumi na nne kwenye kibehewa, kumi za kwanza ndani ya wingu, huoni hata waya. Halafu tukatoboa. Jua! Kali, la kuumiza macho. Vilele vyote vimesimama nje ya wingu, na Sassocupo mbali kule, mweusi.

Sasa tuko verandani, meza ya pembeni, blanketi miguuni. Watu ni wachache, barabara imewatisha. Naandika ili mikono iwe na kazi. Mama ameagiza supu mbili, halafu akamwita mhudumu akasema tatu. Sikuuliza.

Saa nne na dakika ishirini na moja simu imelia.

“Habari za asubuhi, Ivano! Leo: Campolarice, lifti ya kwanza.”

Nimempigia Mjomba. Amepokea kabla haijaita. Sijauliza, akasema mwenyewe: “Iko hapa. Nimeilalia na kiganja. Nives — imekuwa barafu. Siwezi tena kuishika.” Nikakata.

Mama ananitazama. Nikageuza simu, nikamwonyesha. Alitoa miwani ya kusomea, akasoma, akaikunja miwani. Hakuuliza ni nani anayo kadi. Aliuliza jambo moja tu.

— Dakika ngapi hadi juu?

— Kumi na nne.

Zimepita tisa. Kutoka hapa vibehewa vinaonekana vikitoka kwenye wingu, kimoja kimoja, vina namba ubavuni. Thelathini na sita: mume na mke, wanapigana picha. Thelathini na saba, kitupu. Thelathini na nane, mwalimu na wanafunzi wake. Mtu wa lifti amekuja mlangoni kutazama chini, amejikunja mabega, anamwambia mwenzake mbona ghafla baridi hivi na jua liko pale pale.

Thelathini na tisa. Kitupu.

Supu zimefika. Mama ameivuta ile ya tatu kwenye kiti kisicho na mtu, ameifunika na sahani isipoe. Ameinuka. Anajifunga skafu upya, anaweka nywele vizuri nyuma ya sikio.

Arobaini kimetoka kwenye wingu. Vioo vyake vyote vimeganda nyeupe, kwa ndani. Vya wengine ni safi. Mama ameshika mkono wangu wa kushoto, huu wa kulia naandikia. Ananiambia nisimame, mdogo wako anakuja, usimpokee umekaa. Kibehewa kimeingia chini ya paa. Milango inafunguka —